Mifupa Niliyokataa Kuchora

Mume wangu alikuwa mchoraji wa mabango mjini Kitale. Miaka ile, ukipita mtaani kwetu, karibu kila herufi uliyoisoma ukutani ilikuwa imetoka mkononi mwake: jina la kinyozi, sahani ya chapati inayofuka moshi nje ya hoteli, ng'ombe mwenye kiwele kikubwa kwenye duka la dawa za mifugo. Mimi nilianza kwa kumchanganyia rangi na kumwoshea brashi kwa mafuta ya taa. Baadaye akaniachia nijaze herufi alizokwisha kuzipima kwa penseli, na mwishowe nikawa nachora ng'ombe kuliko yeye. Alilikubali hilo bila kinyongo. Alisema ng'ombe wangu wana macho.

Yeye watu walimtafuta kwa mifupa. Miaka ya tisini kila kamati, kila shule na kila kanisa lilitaka mchoro wa ukimwi, na mchoro wa ukimwi ulikuwa mmoja tu: fuvu, mbavu, mkono wa mifupa unaomnyoshea mpita njia kidole, na chini yake maneno mekundu kwamba ugonjwa huu unaua. Alichora mifupa kuanzia Kitale hadi Webuye. Alipoanza kuugua, njia ya kwenda hospitali ilitupitisha mbele ya ukuta mmoja aliouchora mwenyewe, fuvu lenye meno mengi kupita kiasi. Siku moja akaniomba tusimame. Alilitazama kwa muda, akiwa ameniegemea begani.

"Huyu nilimchora nikidhani ni mtu mwingine," akasema.

Tulimzika kwao Bumula, wilayani Bungoma, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Mimi ni mtoto wa Wakikuyu waliohamia Trans-Nzoia kulima, na ingawa nilikuwa nimeolewa Bungoma miaka mingi, siku ile nilijua mimi ni mgeni. Mhubiri alisema marehemu alisumbuliwa na kifua. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, aliwaambia wazee kwamba ndugu yake aliharibikiwa Kitale, na akasema hivyo akiniangalia mimi. Hakuna aliyelitaja jina la ugonjwa. Mama mkwe wangu, ambaye nilimwita Mayi kama wanawe walivyomwita, alisimama kando yangu. Alinishika kiganja tangu sanduku lilipotolewa nyumbani hadi udongo ulipokwisha kurudishwa, na kila nilipojaribu kukitoa mkono wangu, alikaza.

Nilirudi Kitale na brashi zake, nikapimwa, nikakutwa na virusi. Sikushangaa. Nilichoshangaa ni kwamba asubuhi yake niliamka nikaenda kumalizia bango la fundi viatu, na herufi zikanyooka kama kawaida.

Kulikuwa na kikundi cha watu wenye virusi kilichokutana katika chumba nyuma ya posho mill ya kusagia mahindi. Mashine ilikuwa ikinguruma upande wa pili wa ukuta, kwa hivyo tulilazimika kupaza sauti, na tulitoka pale nywele zikiwa nyeupe kwa unga. Mtu anayelazimika kuitamka hali yake kwa sauti ya juu kila wiki huizoea. Hapo ndipo nilipokutana na rafiki yangu.

Alikuwa muuza mitumba, mwanamke mrefu mwenye kicheko kilichoishinda ile mashine. Kwao kwa kuzaliwa ni Bokoli, huko huko Bungoma, na ndiko alikokuwa ameolewa pia. Mumewe alipofariki, wakwe walitoa godoro lake nje, wakalichoma, kisha wakamwambia afuate moshi. Alifika Kitale akiwa amebaki ngozi. Alibebwa kwa shuka kuingia hospitalini wakati dawa za kurefusha maisha ndiyo kwanza zimeanza kupatikana mjini, akawa miongoni mwa wa kwanza kuzimeza. Nilipomfahamu alikuwa anavuta balo la mitumba peke yake kutoka barabarani hadi kwenye kibanda chake, na akigombana na wanaume waliotaka kumsaidia.

Upande wa Bumula mambo yalikuwa mengine. Dawa zilisikika redioni tu. Waliotaka kuzipata walisafiri mbali, na wengi walikuwa dhaifu mno kusafiri, kwa hivyo walibaki nyumbani, na Jumamosi ikawa siku ya mazishi kama Jumapili ilivyo ya kanisa.

Basi siku moja akaja kibandani kwangu mwenyekiti wa kamati ya ukimwi ya sehemu ile. Alikuwa mzee wa kanisa, amevaa koti hata kukiwa na jua, na alimkumbuka mume wangu kwa heshima.

"Marehemu alikuwa fundi," akasema. "Tunataka kitu kama zile zake. Kuna ukuta wa stoo ya mahindi pale sokoni, mwenyewe amekubali. Weka ile mifupa, na uandike kwamba uasherati ni mauti."

"Mwenyekiti, mifupa sitachora. Nitakuchorea ukimwi ninaoujua mimi."

Akacheka. Nadhani alifikiri ni majivuno ya fundi anayenadi kazi yake. "Wewe chora tu mama, ilmradi watu waogope."

Jioni hiyo nilikwenda kwa rafiki yangu nikamkuta akikunja suruali. Nilimweleza kwamba nimepewa ukuta mzima, mahali ambapo watu wa Bumula, na wanaotoka mbali zaidi, hupita kila siku ya soko, na kwamba nataka kuchora mtu mwenye virusi ambaye hafi.

"Utamtoa wapi?" akauliza.

Nikamtazama. Aliendelea kukunja ile suruali hadi ikaisha.

"Basi unichore na sura yangu," akasema. "Sitaki mtu wa kivuli. Mtu akinijua, anijue."

"Watakuona watu wa Bokoli."

"Si ndiyo maana."

Tulifika Bumula siku ya soko. Nilikodi ngazi kwa fundi wa mabati, nikapiga ukuta rangi ya msingi, na rafiki yangu akakaa juu ya kreti ya soda, amevaa gauni la zambarau alilokuwa amelichagua katika balo zima. Nilimchora mkubwa kuliko mlango. Nilianza na macho. Nilichora shingo yake yenye mikunjo, mikono yake yenye misuli ya kuvuta mizigo, na mguu mmoja mbele kama mtu anayekuja kukuuliza jambo. Nilitumia rangi ya mafuta, ile mume wangu aliyoipenda kwa sababu haikubali maji.

Watu walianza kusimama. Mwanzoni walidhani ni tangazo la sabuni.

"Si huyu ni yule wa kutoka Bokoli?" mwanamke mmoja akamwuliza mwenzake.

"Ati ako nayo," mwenzake akamjibu kwa sauti ndogo.

Rafiki yangu aliwasikia. Hakuondoka kwenye kreti. "Niko nayo, mama," akasema. "Na wewe umepimwa?"

Hakuna aliyeondoka. Kijana mmoja wa bodaboda akauliza kama ni kweli mtu anaweza kumeza dawa akanona hivyo. Rafiki yangu akasimama, akazunguka taratibu mbele yao kama anayeonyesha gauni, akamwambia ajibu mwenyewe. Watu wakacheka, na kicheko hicho kikawalegeza. Wakaanza kuuliza maswali. Walimwuliza mambo ambayo hawakuwahi kuuliza mhubiri wala daktari: kama anaweza kupika akala na wenzake, kama dawa zinachoma, kama mtu akianza kumeza ataruhusiwa kunywa chang'aa. Alijibu yote, na la chang'aa alilijibu kwa ukali.

Mimi nilikuwa juu ya ngazi naandika. Niliandika kwa herufi nyeusi zenye kivuli chekundu: NINA VIRUSI. NINAISHI. Chini yake nikaandika: DAWA ZIKO. MBONA HAZIJAFIKA HAPA?

Mwenyekiti alifika alasiri. Alisimama mbali kidogo, mikono nyuma, akausoma ukuta kuanzia juu hadi chini.

"Mama, mifupa iko wapi?"

"Iko ndani yake, mwenyekiti. Kila mtu ako nayo."

Hakucheka safari hii. "Watu wakiona mgonjwa amenona hivi, nani ataogopa?"

"Wameogopa miaka yote hii. Woga umewasaidia nini? Nyinyi mmezika wangapi waliokuwa waoga?"

"Na haya maandishi ya dawa. Hii ni siasa."

"Ndiyo," nikasema. "Ni siasa."

Nafikiri alitegemea nikatae. Akasema kazi hii hakuiagiza na kwamba kamati haitaitambua. Nikamwambia asihangaike na malipo, rangi ni yangu. Tulikusanya vitu vyetu tukarudi Kitale, na njiani rafiki yangu alilala usingizi mzito kama mtu aliyelima.

Siku ya soko iliyofuata tulipofika, ukuta ulikuwa mweupe. Walikuwa wameupaka chokaa. Rafiki yangu aliusogelea, akaugusa, akatazama vidole vyake vyenye unga. Kisha akageukia watu waliokuwa wakituangalia. "Mmenizika bila hata wimbo," akawaambia, kisha akakaa chini pale pale mbele ya ukuta mtupu, akaendelea kujibu maswali kama siku ile ya kwanza.

Lakini chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta, na msimu wa mvua ulikuwa umefika. Mvua za Bungoma hazina haya. Zilipiga ukuta ule mchana mmoja tu, na chokaa ikaanza kuteremka kama maziwa. Macho ndiyo yaliyotokea kwanza. Niliambiwa kwamba watu waliojikinga chini ya mabati ya soko waliona macho yale yakifunguka ukutani, halafu pua, halafu gauni la zambarau, na kwamba mama mmoja wa ndizi alipiga vigelegele. Wakapaka chokaa tena. Mvua ikanyesha tena. Pale sokoni wakaanza kusema kwamba yule mwanamke amekataa kuzikwa.

Hapo ndipo mwenyekiti alipomwomba chifu aitishe baraza. Nilitumiwa ujumbe nihudhurie. Tulikwenda wote wa kikundi cha posho mill tuliokuwa na nguvu, tukakaa kwenye nyasi upande mmoja. Mwenyekiti alizungumza kwa upole. Alisema hana chuki na wagonjwa, ila watoto wanapita pale wakienda shule, na picha ile inawafundisha kwamba dhambi haina malipo. Aliomba ukuta upakwe lami.

Halafu shemeji yangu akasimama. Alikuwa amevaa shati jeupe. Alisema mimi nilimmaliza ndugu yake Kitale, na sasa nimekuja kuanika aibu ya nyumba yao sokoni, wakati hata si mtu wa huku. Wengine waliitikia kwa vichwa. Nilianza kuinuka nimjibu, na kabla sijanyooka nikasikia sauti nyuma yangu.

"Kaa chini, mwanangu. Na wewe pia, kijana yangu, kaa."

Alikuwa Mayi. Sikujua kwamba amekuja. Alikuwa amesimama nyuma ya wanawake wote, mwavuli wake ukiwa umefungwa mkononi, kitambaa cha kanisa kichwani. Alikuwa mama wa maneno machache, na baraza zima liligeuka.

"Mimi nimezika vijana wangu wawili," akasema. "Huyu wa kwanza mlisema amelogwa. Mkachukua ng'ombe mkatafuta mtu mwenye alimloga. Huyu wa pili mlisema ni kifua. Nyote mlikuja nyumbani kwangu, mkakula, mkaimba, na nyote mlijua. Na mimi nilijua. Vijana yangu waliuawa na ukimwi."

Akauhamisha mwavuli mkono wa pili.

"Nimesema," akaendelea. "Mmeona mdomo yangu imeoza? Huyu mwanamke kwa ukuta amesema ako mgonjwa, na ako pale amenona. Vijana yangu walificha na wako kwa udongo. Hiyo lami, mwenyekiti, unataka kupaka nani?"

Shemeji yangu alikuwa anatazama viatu vyake. Chifu, ambaye alikuwa mtu wa kupenda mambo yaishe, alimwuliza mwenye stoo ya mahindi anasemaje kwa sababu ukuta ni wake. Mwenye stoo alikuwa mzee mnene asiyependa ugomvi. Alisema tangu picha iwekwe watu wanasimama sana pale, na wakisimama wananunua, na kwamba yeye hajui siasa, lakini hataki lami kwa ukuta wake. Nimewahi kumsikia mtu akidai kwamba haki hushinda kwa sababu ni haki. Siku ile ilishinda kwa Mayi na kwa biashara ya mahindi.

Watu walipotawanyika Mayi alinifuata.

"Lete hiyo rangi yako," akasema. "Na mimi unichore."

"Mayi, wewe huna virusi."

"Nani ameniuliza? Ukimwi iko kwa nyumba yangu. Nichore karibu na huyu mrefu."

Nilimchora kesho yake, na mwavuli wake. Alikaa bila kutikisika, akilalamika tu kwamba nimemfanya mzee. Aliponiona naandika, aliniuliza ni maneno gani, nikamsomea: NIMEZIKA WANANGU WAWILI. SITANYAMAZA. Akafikiri, kisha akaniambia niongeze kwamba ukimwi ndio uliowaua, kwa sababu mtu anayepita haraka anaweza kudhani ni ajali ya barabarani.

Baada ya hapo walianza kuja wenyewe. Si wengi, na si wote kwa ujasiri. Kuna mwanamke aliyeniomba nimchore mgongo tu, nikamchora mgongo, na miezi baadaye akarudi akaomba nimgeuze. Kijana mmoja aliyefundisha kwaya alitaka kuchorwa akiwa amepanua mdomo anaimba. Ukuta wa mbele ulipojaa tulihamia wa ubavuni. Tulichora pia kwenye magunia ya mahindi, kwa sababu gunia hukunjwa likabebwa. Tulipeleka magunia yale hata Kapsokwony, huko mlimani, kwenye barabara ya kupanda, yamefungwa nyuma ya pikipiki, na huko walitufukuza mara ya kwanza na kutupikia chai mara ya pili.

Siku moja tuliyapeleka Bungoma mjini, tukayatundika kwenye ua mkabala na ofisi ambako wakubwa wa afya walikuwa na mkutano. Tulisimama kila mtu kando ya picha yake. Mkubwa mmoja akatoka, akatutazama sisi na picha, picha na sisi.

"Mmetumwa na nani?" akauliza.

"Na wagonjwa," rafiki yangu akasema.

"Wagonjwa gani?"

Rafiki yangu akaonyesha gunia lake, kisha akajionyesha mwenyewe. Yule bwana akasema watalishughulikia. Tukamwambia vizuri, tutangoja hapa hapa. Tulingoja hadi mkutano ukaisha wakatoka kwa mlango mwingine, na wiki iliyofuata tukarudi, tukasimama pande zote mbili, kwenye milango yote.

Siwezi kusema ni picha zetu zilizoleta dawa. Wengi walikuwa wanasukuma jambo lile, wengine mahali ambapo sisi hatukuwahi kufika. Ninachojua ni kwamba ulifika wakati zahanati ya karibu ikatenga siku ya kutoa dawa, na siku ya kwanza watu walipanga foleni mchana kweupe, wengine wamevaa nguo za kanisa. Rafiki yangu alikwenda kusimama nao ingawa yeye dawa zake zilikuwa Kitale. Mwenyekiti naye alikuja. Aliwapa watu mkono mmoja mmoja, hadi akanifikia mimi, akaninyoshea na mimi. Nikaupokea. Sikuwa nimebadili mawazo yangu juu yake.

Si wote waliokuwa ukutani waliofika siku hiyo. Yule kijana wa kwaya alifariki kabla, mwezi mmoja tu kabla. Kikundini tulibishana kama tumfute. Wengine walisema ukuta ni wa walio hai, na kwamba tukiacha wafu watu watasema tumedanganya. Rafiki yangu alisema hatufuti mtu, waliotufuta wanatosha. Mimi nilikuwa upande wake.

Baada ya mazishi, siku ya soko, baba yake yule kijana alikuja nikiwa kazini. Alikuwa mkulima, gumboti zake zina tope bado. Nilimwona akimtazama mwanawe, na nikashuka kwenye ngazi nikijiandaa kumkatalia akiomba tumfute. Nilikuwa nimeshayapanga maneno.

"Hii shati," akasema. "Yeye hakuwa na shati ya bluu."

Nikamwambia niliichagua mimi ili ionekane vizuri kwa mbali.

"Alikuwa anapenda ya kijani. Iko na mfuko hapa."

Nikachanganya kijani. Ya kwanza akasema ni ya majani ya mahindi, si yenyewe. Ya pili akaikubali. Nilipokuwa napaka, alichukua ile kreti ya soda akakaa kando ya ukuta, na kila aliyesimama kuuliza huyu anayeimba ni nani, alimjibu kwamba ni kijana yake, na akiulizwa alikufa na nini, alisema ni ukimwi. Alibaki pale hadi rangi ikakauka.